Gramafoni Zangu Zilizokwenda Polepole

Jumatatu iliyopita niliwaachia nyinyi mafundi vijana bisibisi zangu, kopo la grisi na kile kiti kisicho na mgongo, na mmoja wenu akaniuliza kwa adabu kama nina neno la kuacha. Sikuwa nalo. Mimi si mtu wa kusimama mbele za watu. Lakini macho yaliyoshindwa kuona skrubu ndogo bado yanaiona kalamu, kwa hiyo naandika. Humu hamtaona nilipandaje cheo wala nililipwa nini, kwa sababu sikupanda popote, na malipo ya kazi hii mnayajua wenyewe. Nitaandika kazi ilivyokuwa, na kosa langu moja kubwa, lililodumu miaka mitatu na watu wakalicheza.

Nyinyi mmezoea umeme. Mnachomeka waya, sahani inazunguka. Gramafoni tuliyoikuta sisi ilikuwa sanduku lenye springi ndani. Unatia ufunguo kwa mpini ulioko ubavuni, springi inajikunja, kisha inajikunjua taratibu na kuizungusha santuri. Sindano ya chuma inapita kwenye mfereji, kioo chembamba cha ulanga kinatetemeka, na mtu aliye mbali anaimba barazani kwako. Sindano moja ilikuwa ya uso mmoja wa santuri, ukigeuza unabadilisha. Nani aliyefuata hilo? Watu walizinoa kwenye jiwe, wengine walichonga miiba ya mgunga, halafu wanakuja kunilaumu mimi kwamba mwimbaji anakohoa.

Kazi nilifundishwa na Mzee Kondo, barazani kwake Ilala, miaka mingi kabla ya vita vya pili. Mzee Kondo alikuwa Mzaramo mfupi, mnyoofu wa mgongo, aliyepiga ngoma katika bendi ya jeshi wakati wa vita vya kwanza. Alipotoka jeshini akaingia kwenye beni. Siku hizi vijana mnacheka mkisikia beni, watu wazima wamevaa kofia za maafisa wanapita mtaani na matarumbeta, mmoja Mfalme, mwingine Jenerali. Msicheke. Mzee Kondo kwa wakubwa wa bomani alikuwa mchukuzi wa kawaida, lakini kwenye beni alikuwa Kanali, na nimewaona watu wakimpisha njia. Ngoma ile ilimpa kiti ambacho ofisi isingempa.

Siku ya kwanza hakunipa bisibisi. Aliniwekea gramafoni tupu, bila santuri, akatia ufunguo, akaniambia niisikilize.

"Inasema nini?" akaniuliza.

"Haisemi kitu, mzee."

"Basi nenda nyumbani. Njoo kesho."

Nilidhani nimefukuzwa. Kesho yake nikasikiliza tena, na nikasikia kitu kikipumua ndani kama mtu anayepanda kilima. Nilipomwambia, alifungua sanduku na kunionyesha vidonge vitatu vya risasi vinavyozunguka kwenye mhimili. Mashine ikitaka kukimbia, vidonge vinatanuka, kipande cha ngozi kinabana, mwendo unapungua. Kidude hicho tulikiita gavana, na kabla ya kusema kwa sauti kwamba gavana amepata kutu, tulikuwa tunaangalia kwanza nani anapita barabarani.

Springi nayo ilinifundisha adabu. Ukifungua kopo lake kwa haraka, inatoka yote kwa mkupuo, na chuma kile hakina huruma. Alama iliyo kidevuni kwangu, ambayo wengi wenu mlifikiri niliipata kwa ugomvi wa ujanani, niliipata kwa springi, nikiwa natazama harusi inayopita.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kosa langu lilipozaliwa. Santuri za wakati ule zilitakiwa kuzunguka mara sabini na nane kwa dakika. Mafundi wenye maduka mjini walipima kwa saa. Mzee Kondo hakuwa na saa na hakuitaka. Alichomeka kipande cha karatasi chini ya ukingo wa santuri ili kila mzunguko uonekane, kisha akasimama wima na kupiga mguu papo hapo, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Jeshini alifundishwa hatua mia na ishirini kwa dakika, na mwili wake haukusahau. Yeye alipiga mguu, mimi nilihesabu karatasi. Akifika mia na ishirini anapaza sauti, "Simama!" Kama sikupata sabini na nane, tunakaza au kulegeza skrubu ya gavana na kuanza upya.

"Saa yangu mie ni hii," alikuwa akisema, akijipiga paja.

Nimekuja kuzipima mashine zake kwa saa ya kweli, baada ya yeye kufariki. Zilikuwa sawasawa kabisa, Mungu amrehemu.

Alipofariki nilirithi vifaa vyake na namna yake ya kupima. Nilihamia Temeke vita vya pili vilipokwisha, wakati makuli wa bandarini na watu kutoka kusini walipokuwa wanajenga huko kwa wingi. Nilifungua kazi mbele ya nyumba yangu. Mimi sasa ndiye niliyepiga mguu, na mke wangu, Mama Zuhura, alihesabu karatasi huku anageuza vitumbua. Hakuwahi kukosea hesabu hata moja. Kosa halikuwa lake, na amenisimamia hapa kuhakikisha nimeandika hivyo.

Muziki uliochezwa kwenye mashine zile ulikuwa umebadilika. Beni ilikuwa imechoka. Watu walitaka dansi, na dansi ilikuwa santuri za Kyuba. Mhindi mwenye duka aliweka gramafoni mlangoni, akacheza rumba moja, na njia ikazibika. Hakuna aliyeelewa maneno. Tuliyaimba kama watoto wa chuo cha Kurani wanavyosoma sura kabla ya kujua maana, na tulikuwa na hakika nayo vilevile. Nimefikiri sana kwa nini. Beni tuliiga kwa watu waliotutawala, tukavaa kofia zao tuone zinatukaaje. Rumba hatukuwa tunaiga. Ngoma zake tulizijua kabla hazijafika, mkono wa mpigaji ulikuwa mkono wa kwetu, gitaa tu ndilo lilikuwa geni. Mtu alisikia santuri mara ya kwanza akasema, "Hii nimewahi kuisikia," na hakuwa anadanganya.

Aliyeyajua haya kuliko sote alikuwa Hamisi Chilumba. Hamisi alikuwa kuli, mtu wa Kilwa ya ndani, kifua kama mlango, na sauti nzito ambayo ukiwa nyuma yake msikitini unaisikia kwenye mbao. Ndiye aliyekuwa mwimbaji wa klabu ya dansi ya makuli pale Temeke. Baharia mmoja bandarini alikuwa amemweleza kwamba wale waimbaji wa Kyuba, kisiwa cha ng'ambo, ni watu weusi, wajukuu wa waliochukuliwa kwa meli. Hamisi alirudi na habari hiyo akiwa mtu mwingine. Kwao kulikuwa na hadithi: baba wa mama yake alikuwa na ndugu aliyekamatwa na wafanyabiashara ya watumwa, akapelekwa Kilwa pwani, na asionekane tena.

Klabu ilikuwa na gramafoni kuukuu, nikaitengeneza mimi. Hamisi akaleta santuri moja aliyoipata kwa yule baharia. Ilipoanza, ikatoka sauti ya mwanamume, nzito, ya polepole, inayojivuta kama mtu mwenye heshima zake. Hamisi aliinuka kitini.

"Sauti ya kwetu hiyo," akasema. "Sikilizeni. Sauti ya kwetu!"

Wenzake walimtania. Yeye hakuwa na utani. "Najua si yeye," alisema. "Yeye keshakufa zamani. Lakini sauti hairithiwi? Nisikilizeni mie, halafu msikilizeni yule." Akaimba pamoja na santuri, na kweli, sauti mbili zilikaa mahali pamoja kama mikono ya mtu mmoja. Utani ukaisha. Tangu siku hiyo ikawa desturi ya klabu ile, nami sijaiona kwingine kokote: kabla ya bendi kuanza, santuri ile, tuliyoiita ya Babu, ilichezwa kwanza, na ilipofika sauti, watu wote walisimama na kusema, "Shikamoo Babu." Wageni walidhani ni mzaha. Mtu aliyecheka alitolewa nje.

Bendi yao ilijifunza nyimbo zote kwenye mashine ile. Walilegeza nyuzi mpaka zifanane nayo, wakapiga polepole, na wacheza dansi waliotoka kubeba magunia tangu alfajiri waliupenda mwendo huo, wakajivunia kwamba rumba ya Temeke haina pupa. Nami nilijivunia. Nilisema kwa watu kwamba mashine iliyotengenezwa vizuri inatoa sauti nzito.

Ikapita miaka mitatu. Asubuhi moja akaja Bwana Yohana, karani wa reli, mtu wa bara aliyekuwa akiishi Kinondoni. Alikuwa mpole mpaka unajisikia mkosaji. Alikuwa ameleta gramafoni niliyomtengenezea mwezi uliopita.

"Fundi, samahani sana," alisema. "Hii mashine ni kama ina uvivu. Nyimbo zetu za kanisani zinatoka kama tunazika."

"Gavana nimempima mwenyewe," nikamjibu.

"Sina shaka. Lakini tungejaribu na hii." Akatoa saa yenye mnyororo.

Tukachomeka karatasi. Yeye akatazama saa, mimi nikahesabu mizunguko ya dakika moja. Sitini na sita. Nikamwambia saa yake inakimbia. Akanijibu, kwa upole uleule, kwamba ni saa ya reli, na kwamba garimoshi la Morogoro linaondoka kwa saa hiyo. Tukahesabu tena. Sitini na sita.

Alipoondoka, akiwa ameniachia saa kwa siku chache kwa wema wake, nilimwita Mama Zuhura. Nikampa saa mkononi, nikasimama wima na kupiga mguu kama nilivyozoea, mia na ishirini. Nilipomaliza nikamuuliza nimetumia muda gani.

"Dakika, na kipande kizima cha nyingine," akasema. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye mkeka. "Baba Zuhura! Na mie nilikuwa najiuliza! Wewe nikikutuma sokoni unarudi mchicha umenyauka. Mtu wa namna hiyo ndiye anapima mwendo wa dunia?"

Alikuwa na haki. Mzee Kondo alikuwa askari. Mimi sikuwahi kupiga gwaride maishani mwangu, na tangu utoto nilikuwa mtembea taratibu. Niliirithi hesabu yake bila kurithi miguu yake. Kila mashine iliyopita mikononi mwangu kwa miaka mitatu, Temeke yote na nje ya Temeke, ilikuwa inakwenda kwa mwendo wangu.

Vijana, mtakosea. Ukikosea, nenda mwenyewe kwa mwenye mali, usingoje akuletee. Nilichukua saa ya Bwana Yohana na bisibisi, nikazunguka nyumba hadi nyumba. Nilikwenda mpaka Ubungo, kulikokuwa mashamba matupu wakati huo, kwa ajili ya mashine moja ya mtu mwenye mihogo. Nilitarajia matusi kwa kuchelewa. Nilichopata ni matusi kwa kutengeneza. Fundi cherehani mmoja alisikiliza santuri yake ikienda sawasawa, akaniuliza nimeitia pilipili gani. Bibi mmoja aliniamuru niirudishe kama ilivyokuwa, kwa kuwa kiuno chake hakina haraka. Nikairudisha. Mashine ni yake na kiuno ni chake.

Nyumba moja niliiruka kila siku, na nilijua kwa nini. Mashine ya klabu ilikuwa inakaa kwa Hamisi. Nilijua, kama fundi yeyote angejua, kwamba santuri ikipungua mwendo sauti nayo inashuka. Ile sauti nzito ya ukoo wa Hamisi nilikuwa nimeishusha mimi. Na mashindano ya dansi ya Idi yalikuwa karibu. Klabu ya Ilala ilikuwa inakuja Temeke na mashine yake, iliyotengenezwa mjini kwa saa, na nilisikia kwamba nao wameipata santuri ileile. Wakiicheza mbele ya umati mzima, Hamisi angempoteza Babu yake kwa dakika moja, na watu wakicheka. Mashindano yenyewe waliyashinda watu wa Ilala, niseme hapa nisije nikasahau. Lakini mimi sikuwa naogopa mashindano. Nilikuwa namwogopa Hamisi akinitazama.

Nilikwenda Alhamisi alasiri, akiwa ametoka zamu. Mama yake, Bi Somoe, bibi mwembamba aliyeletwa kutoka kusini mwaka ule kuja kukaa na mwanawe, alikuwa uani anapepeta mchele.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Mwenzio yumo ndani."

Hamisi alinikaribisha kiti. Sikukaa.

"Hamisi, nimekuja na kosa langu. Mashine yako inakwenda polepole. Imekwenda hivyo tangu nilipoigusa. Sauti ya Babu siyo ile."

"Siyo ile vipi? Mie naisikia kila siku."

"Ile nimeishusha mie, kwa miguu yangu hii." Nikamweleza yote, gwaride, karatasi na saa ya reli.

Hakukasirika, na ningependa angekasirika. "Iweke inavyotakiwa," alisema. "Niisikie mie kabla hawajanisikilizisha wa Ilala."

Nililegeza skrubu, nikahesabu kwa saa mpaka ikafika sabini na nane, nikaweka santuri yake. Bendi iliingia mbio, nyepesi, kama watu wameitwa. Hamisi alisimama kwa mazoea, tayari kuamkia. Kisha ikatoka sauti nyembamba, ya juu, safi, akainama kuitazama santuri inavyozunguka.

"Huyu nani?"

"Ndiye yeye."

"Huyu si mtu wetu, fundi." Alikaa. "Kwetu hakuna mwanamume mwenye sauti hii. Hakuna." Akatazama mikono yake. Miaka mitatu watu wazima walisimama kwa heshima ya ukoo wake, na sasa ulikuwa umerudi kuwa hadithi tu, mtu aliyepotea na basi. Niliona aibu ambayo sijaiona tena. Nilitaka kuirudisha skrubu na kukimbia.

"Nani huyo mtoto anayeimba?" Bi Somoe aliuliza kutoka uani.

"Si mtoto, mama," Hamisi akasema. "Ni ile santuri."

"Ile ya mzee anayekoroma?" Akaja mlangoni na ungo wake mkononi. "Iweke tena."

Nikaiweka tena. Bi Somoe aliegemea mwimo, akasikiliza, uso umeinama kidogo.

"Baba mdogo alichukuliwa hajaota hata ndevu," akasema, kama anayeongea na ungo. "Baba alinisimulia. Walikuwa wote wawili shambani, wanafukuza ndege, na mwenzie ndiye aliyekuwa anaimba ili wasisinzie. Walipotokea wakamata watu, Baba alijilaza kwenye majani, akapona. Yule walimfuata kwa wimbo wake. Sauti nyembamba, alisema, inakwenda mbali. Sasa nyie miaka yote hii mnamwamkia mzee gani?"

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini? Nimekuja hapa nimekukuta na mzee wako umeshampata."

Hamisi alifunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kumtikisika, na mpaka leo sijui alikuwa anacheka au analia. Naona alikuwa anafanya yote mawili. Nilijua, na yeye alijua, kwamba mwimbaji yule alikuwa mtu mzima wa Kyuba mwenye familia yake na shida zake, ambaye hakuwahi kumsikia mtu anayeitwa Chilumba. Haikutupunguzia kitu. Sauti ile sasa ilikuwa na umri wake, na ilikuwa inatoka mahali hasa ilipoachwa.

Santuri ikafika mwisho, sindano ikabaki inakwaruza. Bi Somoe hakuondoka mlangoni. Aliitazama ile mashine, kisha akanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye fundi.

"Na huko aliko," akaniuliza, "kala huyo mtoto?"

Kisha akarudi uani kubandika chungu.